Kamera Imesema Tumbo ni Safi, Mbona Bado Unakonda?

Mtu akilalamika tumbo kwetu, jibu liko tayari kabla hajamaliza kueleza: ni vidonda vya tumbo. Jirani atasema hivyo, muuza duka la dawa atasema hivyo huku akihesabu vidonge vya omeprazole, na mara nyingi wote watakuwa wamesema kweli au karibu na kweli. Bakteria wa H. pylori wamejaa matumboni mwa watu wa Afrika Mashariki, kiungulia kiko kila nyumba, na wengi hupona kwa dawa za wiki mbili. Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili yao. Umeandikwa kwa ajili ya yule ambaye dawa zimekwisha, kipimo cha kamera kimefanyika, majibu yamesema tumbo ni safi au lina michubuko kidogo, na bado anazidi kukonda. Umeandikwa pia kwa ajili ya ndugu anayemuuguza, kwa sababu mara nyingi ni yeye anayeona mambo ambayo mgonjwa ameshayazoea.

Saratani nyingi za mfuko wa tumbo huota kama uvimbe au kidonda kinachoonekana wazi, na daktari akiingiza mpira wa kamera ni nadra kukikosa. Iko aina nyingine isiyofuata desturi hiyo. Mwaka 1965 mwanapatholojia wa Finland, Pekka Laurén, alizigawa saratani za tumbo katika makundi mawili makubwa: moja ambalo seli zake hushikana na kujenga donge, na jingine ambalo seli zake hutawanyika mojamoja. Hili la pili si la kawaida kama la kwanza, na sura yake kali kuliko zote, inayoitwa linitis plastica, ni adimu kweli kweli.

Seli za utando wa tumbo hushikamana kwa msaada wa protini iitwayo E-kadherini. Katika saratani ya kutawanyika, protini hiyo mara nyingi imeharibika au imepotea, na seli zisizo na cha kuzishika hupenya mojamoja chini ya utando. Zikitazamwa kwa hadubini, nyingi huonekana zimejaa ute uliosukuma kiini pembeni, na kwa umbo hilo wataalamu huziita seli za pete ya muhuri. Utando wa juu, ule unaoonekana kwa kamera, unaweza kubaki mzuri kwa muda mrefu huku ukuta ulio chini yake ukinenepa na kukakamaa, mpaka mfuko mzima unakuwa kama kiriba kilichokauka: hautanuki chakula kinapoingia, wala haujikunji kukisukuma mbele. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa unatokana na jambo hilo moja.

Aina hii huwapata wanawake karibu sawa na wanaume, na huwapata watu wa umri mdogo zaidi kuliko ile inayojenga donge. Kwa hiyo ukiambiwa “wewe bado kijana, hiyo haiwezi kuwa saratani”, usiyachukue maneno hayo kama kipimo. Kama kwenu ni kuzunguka Mlima Kilimanjaro, au nyanda za juu za Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, fahamu pia kwamba madaktari wa huko kwa miaka mingi wamekuwa wakiona saratani za tumbo za kila aina kwa wingi kuliko wenzao wa maeneo ya chini. H. pylori nao, ambao Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani liliwaweka mwaka 1994 katika kundi la visababishi vya hakika vya saratani, wanastahili kutibiwa mpaka waishe. Ila kuwaua bakteria hao hakuondoi saratani iliyokwisha kuanza.

Kushiba kabla ya kula

Dalili ya tumboni ya ugonjwa huu mara nyingi si maumivu makali. Ni kushiba upesi. Mtu aliyekuwa akimaliza sahani ya ugali na dagaa anasimama kwenye tonge la tano, anaisogeza sahani, anasema amevimbiwa. Baada ya wiki chache ni tonge la tatu. Kisha anahamia kwenye uji, kisha chai na mkate, na nyumbani wote wanaamini amekosa hamu ya kula. Hapo muulize vizuri: je, chakula hukitaki, au unakitaka lakini hakina pa kuingia? Anayesema “nina njaa, lakini nikila kidogo tu najaa” amekupa habari muhimu kuliko neno “naumwa tumbo”. Mpelekee daktari maneno hayo hayo kama yalivyosemwa.

Kukonda nako hupata visingizio kwa urahisi. Likija Ramadhani, ni funga. Akifiwa, ni mawazo. Akiwa mjamzito, ni mimba. Hili la mimba linahitaji uangalifu wa pekee: kutapika kwa ujauzito kwa kawaida hupungua baada ya miezi ya mwanzo. Mama anayeanza kutapika upya mimba ikiwa kubwa, au anayetapika huku uzito ukishuka, au anayepata choo cheusi kama lami, anastahili kuchunguzwa tumbo, na kipimo cha kamera kinaweza kufanywa mtu akiwa mjamzito iwapo kuna sababu ya kutosha. Mwambie mkunga waziwazi, usingoje mpaka ajifungue.

Omeprazole na ndugu zake hupunguza maumivu ya saratani vilevile. Zinaweza hata kukifanya kidonda cha saratani kifunge juu kwa muda, mtu akadhani amepona. Kama umezitumia kwa mwezi mzima na dalili zinarudi kila unapoacha, au unakonda ukiwa bado unazimeza, acha kuongeza boksi jingine na uombe rufaa.

Inapojitokeza mahali pengine

Saratani hii inaweza kuonekana mbali na tumbo kabla tumbo halijashukiwa, na mgonjwa akajikuta kliniki tofauti kabisa. Hapo ndipo muda mwingi hupotea.

Nianze na ovari, kwa kuwa wanawake wengi wa umri wa kuzaa hupitia njia hii. Mwanamke anahisi tumbo la chini linavimba, sketi inabana ilhali uso na mikono vinakonda, pengine hedhi imevurugika. Anakwenda kwa daktari wa wanawake, altrasaundi inaonyesha uvimbe kwenye ovari, mara nyingi zote mbili, na anapangiwa upasuaji. Mwaka 1896 daktari Mjerumani Friedrich Krukenberg alieleza vivimbe vya namna hiyo akiamini vimeanzia kwenye ovari zenyewe. Baadaye ikabainika kwamba chanzo chake huwa kwingine, na mara nyingi ni mfuko wa tumbo. Jina lake limebaki kwenye ugonjwa huo hadi leo. Kwa hiyo ukiambiwa una uvimbe kwenye ovari zote mbili, na kwa miezi kadhaa umekuwa ukishiba upesi, ukitapika au ukinywa dawa za vidonda vya tumbo, mwambie daktari wa wanawake kabla ya siku ya upasuaji, hata kama hakuuliza. Swali lako ni moja: “Je, tuangalie na mfuko wa tumbo kwanza?” Kama upasuaji umeshafanyika, hakikisha ovari zilizotolewa zimepelekwa maabara na majibu yamesomwa.

Jambo la pili linahusu kifua kikuu, na hapa daktari wa kwetu ana shida ambayo mwenzake wa Ulaya hanayo. Mgonjwa anakuja na tumbo lililojaa maji, amekonda, anatoka jasho usiku. Katika nchi zenye TB nyingi, kuwaza TB ya tumbo ni uamuzi wa busara kabisa, na vipimo vya maji ya tumboni mara nyingi havionyeshi vijidudu hata pale TB ipo kweli. Kwa hiyo dawa huanzishwa kwa kukisia. Siwalaumu madaktari kwa hilo. Wameokoa wengi kwa njia hiyo. Ila saratani ya kutawanyika hupenda kusambaa kwenye utando unaofunika matumbo, na maji yake yakiwa ndani hayana tofauti kwa macho. Ukianzishiwa dawa za TB bila vijidudu kuonekana, fanya mambo mawili. Uliza kama maji yaliyovutwa yamepelekwa pia kutafutwa seli za saratani. Kisha uliza tarehe: “Nisipopata nafuu, lini tutaanza kutafuta kitu kingine?” Iandike kwenye kadi. Mgonjwa wa TB anayetibiwa vizuri kwa kawaida huanza kurudisha uzito na hamu ya kula ndani ya wiki chache. Anayeendelea kukonda na kujaa maji baada ya miezi miwili asingoje miezi sita iishe.

TB hiyo hiyo huchanganywa na tezi. Shika kwa vidole shimo dogo lililo juu ya mtulinga wa kushoto, pale shingo inapokutana na bega. Ukikuta tezi ngumu isiyouma na isiyosogea, usikubali itibiwe kwa kuangaliwa tu. Rudolf Virchow, Mjerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeihusisha tezi ya mahali hapo na saratani za tumboni. Kuichoma sindano nyembamba na kutoa seli za kupimwa ni kazi ya dakika chache, na ni kipimo cha bei nafuu ukilinganisha na vingine. Mara nyingine ndicho kinachotoa jibu ambalo kamera ililikosa.

Kitovu nacho kitazame. Mtawa Mary Joseph Dempsey, aliyekuwa msaidizi wa daktari wa upasuaji William Mayo katika mji wa Rochester, Marekani, alikuwa akisafisha ngozi za wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Aligundua kwamba baadhi yao walikuwa na kinundu kigumu kitovuni, na hao ndio waliokutwa saratani imeshaenea ndani. Mayo aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1928, na mwaka 1949 daktari Mwingereza Hamilton Bailey akakipa kinundu hicho jina la mtawa huyo. Kinundu kigumu kilichoota kitovuni kwa mtu mzima anayekonda, hata kikifanana na ngiri ndogo, kinatakiwa kukatwa kipande na kupimwa.

Mengine nitayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo, bali kwa sababu ushauri ni ule ule. Saratani ikikaza mlango wa juu wa tumbo, chakula hukwama kifuani na picha hufanana na akalasia, ugonjwa wa misuli ya koo la chakula. Tofauti ni kwamba akalasia ya kweli huja polepole kwa miaka, ilhali hii huja kwa miezi na kumkondesha mtu upesi. Ikifika kwenye puru, choo hubana na kuwa chembamba, na mtu hutibiwa kama mwenye bawasiri au kufunga choo. Ikibana mirija inayotoka kwenye figo, vipimo vya figo hupanda bila sababu inayoeleweka. Ikiingia kwenye uboho wa mifupa, mgonjwa anaongezewa damu leo, na baada ya wiki chache imeshuka tena, ngozi inapata michubuko, mgongo unauma. Ikienea ndani ya mapafu, anabanwa pumzi na kukohoa kikavu, naye anaitwa mwenye pumu au nimonia isiyosikia dawa.

Na iko damu inayoganda. Mfaransa Armand Trousseau alieleza katika mihadhara yake ya mwaka 1865 kwamba mshipa wa mguu unaoziba kwa damu iliyoganda, bila kuumia wala kulala kitandani muda mrefu, unaweza kuwa ishara ya saratani iliyofichika. Miaka miwili baadaye aliiona ishara hiyo mwilini mwake mwenyewe, na akafariki kwa saratani ya njia ya chakula. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana damu hiyo inaweza kukimbilia mapafuni. Na ukitibiwa, taja habari za tumbo lako.

Hakuna hata moja kati ya dalili hizi iliyo mali ya saratani peke yake. Wengi wenye miguu iliyovimba au ovari zenye uvimbe hawana ugonjwa huu. Kinachotakiwa kukushtua ni zinapokutana: kushiba upesi pamoja na tezi, kukonda pamoja na maji tumboni, upungufu wa damu usioisha pamoja na kutapika.

Kwa nini daftari ni lako

Daktari wa wanawake ameona ovari. Wa kifua ameona mapafu. Wa duka la dawa anakumbuka omeprazole. Katika hospitali zetu faili halimfuati mgonjwa kutoka zahanati hadi wilaya hadi rufaa, na bima ikibadilisha kituo, historia inabaki kule. Anayeijua habari yote ni mgonjwa na yule anayemsindikiza. Kwa hiyo nunua daftari la shule. Andika uzito mara moja kwa wiki, kwenye mizani ile ile, nguo nyepesi zile zile. Duka la dawa lenye mizani linatosha. Andika kiasi anachokula kabla ya kushiba, jina la kila dawa na tarehe ilipoanza, na kila kipimo kilichofanyika na majibu yake. Ukiingia kwa daktari mpya usianze na “tumbo linauma”. Anza na hivi: “Tangu Machi nimepungua kilo tisa, nashiba kwa matonge matatu, nimemaliza dozi mbili za H. pylori, kamera ya Mei ilisema hakuna kitu.” Daktari mwenye foleni ya watu hamsini hataweza kuyapuuza maneno ya namna hiyo.

Siku ya kamera

Endoskopi ni mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Utakaa bila kula usiku kucha au saa zile utakazoambiwa. Uliza mapema kama unatakiwa kusimamisha omeprazole wiki mbili kabla, maana dawa hiyo huweza kuficha vidonda na kuharibu kipimo cha H. pylori. Koo litapuliziwa dawa ya ganzi, na mahali pengine utapewa dawa ya usingizi mwepesi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, haina raha, lakini inavumilika. Wengi huikimbia kwa hadithi za watu.

Yanayokuhusu hasa ni yale yanayotokea ndani. Daktari hupuliza hewa ili tumbo litanuke na mikunjo yake ilainike. Tumbo lenye linitis plastica halitanuki vizuri, na mikunjo hubaki minene na migumu. Daktari mzoefu huliona hilo hata pale utando haujachubuka popote. Kwa hiyo baada ya kipimo, ukishazinduka, uliza au mtu wako aulize: tumbo lilijaa hewa kama kawaida? Umechukua vinyama vingapi vya kupima, na kutoka sehemu gani? Kinyama kimoja cha juu juu hakitoshi kwa ugonjwa unaojificha chini ya utando. Inapaswa vichukuliwe kadhaa, sita au zaidi, na daktari anaposhuku huuma tena pale pale alipouma mwanzo ili kushuka chini zaidi. Kuuliza hivi si kumkosea adabu mtaalamu. Ukiuliza kwa upole, na ukaanza kwa kueleza hofu yako, wengi watakujibu vizuri.

Usiondoke na picha ya kamera ukaacha majibu ya kinyama. Naona hapa ndipo familia nyingi huachia njia: kamera imesema “gastritis”, dawa zimetolewa, nauli ya kurudi mjini ni kubwa, na majibu ya maabara yanakaa kwenye droo. Chukua namba ya simu ya maabara, uliza yatatoka lini, na mpe mtu mmoja wa mjini kazi ya kuyafuatilia. Yakitoka huandikwa kwa Kiingereza. Ukiona maneno “signet ring” (pete ya muhuri) au “diffuse” (ya kutawanyika), usingoje tarehe ya kliniki. Rudi kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Na kama majibu yote ni safi lakini dalili zinaendelea? Hapa msimamo wangu ni mmoja: majibu safi ya kamera hayafungi shauri la mtu anayekonda. Omba kipimo kirudiwe, ikiwezekana na daktari mwingine au hospitali ya rufaa, kama Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Kenyatta ya Nairobi au Tenwek ya Bomet. Kipimo cha CT kinaweza kuonyesha ukuta ulionenepa, mradi tumbo lijazwe maji au dawa ya kunywa kwanza. Tumbo tupu lililojikunja hudanganya. Pale CT haipatikani au haibebeki kwa gharama, usiidharau picha ya eksirei ya zamani, ile ya kunywa bariamu, dawa nyeupe kama uji. Inaonyesha wazi mfuko mwembamba, mgumu, usiocheza, na hospitali nyingi bado zinaweza kuipiga. Mwisho kabisa kuna laparoskopi: kamera inapitishwa kwenye tundu dogo la ngozi ya tumbo, daktari anaangalia utando wa ndani kwa macho na kuchukua vipande. Hiyo pia ndiyo hujibu swali la TB au saratani kwa wale ambao maji yao yamekataa kusema.

Ukoo unaozika mara kwa mara

Sehemu ndogo ya saratani hizi, kiasi cha mgonjwa mmoja hadi watatu katika kila mia wenye saratani ya tumbo, hutokana na urithi. Habari yake ilifunguliwa na ukoo mmoja wa Wamaori wa New Zealand. Vizazi kwa vizazi walikuwa wakizika vijana wao kwa saratani ya tumbo, mdogo kuliko wote akiwa na miaka 14. Palikuwa na walioamini kwamba ukoo umelaaniwa. Wenyewe wakaandika majina ya waliokufa, wakachora mti wa ukoo, wakawapelekea wataalamu wa chuo kikuu cha Otago, na mwaka 1998 timu ya Parry Guilford, ikifanya kazi bega kwa bega na ukoo huo, ikatangaza kwamba wameipata jeni yenye hitilafu: CDH1, ile inayotoa maelekezo ya kutengeneza E-kadherini.

Naisimulia kwa sababu najua ni nyumba ngapi za kwetu zimegawanyika kwa tuhuma za uchawi baada ya vijana wawili au watatu kufa na tumbo. Shangazi anashutumiwa, mke wa marehemu anafukuzwa, na hakuna aliyeuliza marehemu walikuwa na ugonjwa gani. Chora mti wa ukoo wenu. Andika nani alikufa, akiwa na miaka mingapi, na hospitali ilisema nini. Mambo yanayofaa kupelekwa kwa daktari wa saratani ni haya: watu wawili au zaidi wa ukoo mmoja wenye saratani ya tumbo, hasa mmoja wao akiwa na aina ya kutawanyika, mtu yeyote aliyepata aina hiyo kabla ya miaka 50, mwenye saratani hiyo aliyezaliwa, yeye au ndugu yake, na mdomo sungura, na saratani ya tumbo upande mmoja wa familia pamoja na saratani ya matiti ya aina ya lobula kwa dada, mama au shangazi. Hitilafu hiyo ya CDH1 huongeza hatari ya saratani zote mbili. Mzazi aliye nayo anaweza kuirithisha kwa kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume.

Kipimo hufanywa kwa damu au mate. Aliyethibitika kuwa na hitilafu hushauriwa, akiwa bado mzima, afikirie kuondolewa mfuko wote wa tumbo, kwa sababu kamera haiaminiki kuiona saratani hii mapema. Uamuzi huo ni mzito na haufanywi kwa siku moja. Asiyekuwa tayari hufuatiliwa kwa kamera kila mwaka na wataalamu wanaojua wanachotafuta.

Ikithibitika

Swali la kwanza ni kama imeenea nje ya mfuko. Kama haijaenea, tiba ni upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa au mfuko wote, pamoja na dawa za kemo kabla na baada. Omba laparoskopi ifanyike kabla ya kupasuliwa, maana mbegu ndogo za saratani kwenye utando wa ndani hazionekani kwa CT, na kumpasua mtu bure kunampunguzia nguvu alizozihitaji kwa dawa.

Watu huishi bila mfuko wa tumbo. Hula kidogo kidogo mara sita au zaidi kwa siku, huacha kunywa maji mengi wakati wa chakula, hupunguza sukari ya haraka inayoleta kizunguzungu na jasho, na huchomwa sindano za vitamini B12 maisha yao yote. Hii ya B12 isisahauliwe hata mtu akijisikia mzima, kwa sababu upungufu wake hujitokeza baada ya miaka na huharibu neva.

Kama imeenea, kemo inaweza kuongeza muda na kupunguza mateso, na maji ya tumboni yanaweza kutolewa kila yanapojaa. Maumivu yana dawa. Mofini ya maji ya kunywa ni salama ikitolewa na wanaoijua, na mgonjwa hageuki kuwa mlevi. Mweleze hivyo mzee wa familia anayeikataa.

Na kama mgonjwa amekwisha kufariki kabla jina la ugonjwa halijajulikana, njia bado ipo kwa ajili ya watoto na wadogo zake. Maabara za patholojia huhifadhi vinyama vilivyochukuliwa, vikiwa vimegandishwa ndani ya nta, kwa miaka kadhaa. Nenda na cheti cha kifo, kitambulisho chako na namba ya faili ya hospitali, uombe nakala ya majibu na uulize kama kinyama bado kipo. Kikipatikana kinaweza kusomwa upya, na karatasi hiyo ndiyo ya kwanza atakayoiomba daktari mtakapompelekea mti wa ukoo wenu.